Kabla hujampa fundi hedi yako ya 4A-GE aichonge

Swali: "Shikamoo mzee. Niko Arusha, nina Corolla ya zamani yenye injini ya 4A-GE valvu 16, ile ya mwanzo yenye T-VIS. Siku za wiki naendea kazini, na mara mojamoja naingia nayo kwenye mbio za vumbi. Hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, nimeishusha kwa sababu gasketi iliungua. Fundi mmoja ananiambia maadamu imeshatoka, nimpe laki nne azipanue porti, zile njia za hewa na moshi ndani ya hedi, kwa grainda ya mkono mpaka zilingane na gasketi, azing'arishe kama kioo, halafu askimu hedi, yaani aukwangue uso wake wa chini kwa mashine, milimita moja. Anasema nitapata nguvu ya farasi 30 zaidi. Ni kweli? Na ile mashine ya kupima hewa inayopita kwenye hedi, naweza kujitengenezea?"

Marahaba, mwanangu. Hedi iache hapo ilipo, juu ya gunia, uso wake ukitazama juu, mpaka umalize kusoma. Farasi 30 huzipati kwa kazi hiyo uliyotajiwa. Unachoweza kufanya ni kupoteza kadhaa ulizonazo, tena zile za chini, unazozihitaji kutoka kwenye kona ya vumbi. Lakini hapo aliposema kwamba hedi ikishatoka ndio wakati wa kuishughulikia, fundi wako kasema kweli. Kazi ipo, ila siyo hiyo.

Una bahati kwamba historia ya injini yako inajibu nusu ya swali. 4A-GE ilitoka mwaka 1983, na Yamaha walikuwa na mkono katika usanifu wa hedi yake. Ujazo cc 1587, bore (kipenyo cha silinda) milimita 81, stroku (mwendo wa pistoni) 77. Hedi za mwanzo, kama yako, zilipewa porti kubwa kwa injini ya ukubwa ule, maana waliotengeneza walikuwa wakiwaza mizunguko ya juu. Huko juu ilivuta vizuri. Huku chini hewa ikawa inajikokota. Ndipo ikawekwa T-VIS: kwenye manifoldi, yale mabomba yanayoleta hewa kwenye hedi, kila silinda ina njia mbili, na njia moja ina kibao kinachobaki kimefungwa mpaka mizunguko ya injini ipite 4,000 na ushee kwa dakika. Kibao kile ni kiraka. Kinaziba nusu ya barabara ili hewa iliyobaki ikimbie.

Mwaka 1989 Toyota wakatoa toleo jingine. T-VIS wakaing'oa, na porti wakazipunguza. Mpaka leo wapenzi wa injini hii wanaliita toleo hilo porti ndogo. Kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda, ilipanda kutoka 9.4 hadi 10.3, na kule Japani injini iliyokuwa ikitangazwa kwa farasi 120 ikaanza kutangazwa kwa 140. Siwezi kusema farasi zote 20 zimetoka kwenye porti, kompresheni nayo ilichangia, na kulikuwa na mabadiliko mengine. Lakini waliotengeneza injini wenyewe waliona mabomba yao yamezidi upana, wakayabana, na nguvu ikapanda. Sasa wewe umeshika hedi ya porti kubwa na mtu anataka kuipanua tena.

Kwa nini upana unadhuru? Kwa sababu hewa ina uzito, na kitu chenye uzito kikishashika kasi hakisimami kirahisi. Fikiria daladala iliyojaa inateremka mlima, kondakta anagonga bodi: gari itasimama, lakini mita kadhaa mbele ya kituo. Pistoni ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, valvu ya kuingizia bado iko wazi kidogo. Hewa iliyokuwa inakuja kwa kasi inaendelea kujisukuma ndani ya silinda ingawa pistoni inarudi. Hiyo ndiyo hewa ya bure. Ikija polepole, pistoni inairudisha ilikotoka, na hapo ndipo unakanyaga mafuta kwenye mizunguko 2,500 na gari inakujibu baada ya kufikiri.

Tupige hesabu ndogo. Mizunguko 7,000, stroku 77: kasi ya wastani ya pistoni ni karibu mita 18 kwa sekunde. Eneo la bore ni milimita za mraba 5,150 hivi. Tuseme koo la kila porti, yaani sehemu nyembamba iliyo chini tu ya siti, ile pete ambayo valvu inaikalia, ni milimita 26.5, utoe na eneo linalozibwa na shina la valvu. Koo mbili zinakupa kama 1,050. Hewa hapo inapita kwa wastani wa mita 88 kwa sekunde. Sasa fundi apanue koo mpaka 28.5. Milimita mbili tu, huwezi kuziona kwa jicho. Kasi inashuka mpaka 76. Huko juu pengine usijue. Lakini kwenye mizunguko 3,000 umetoka 38 ukaenda 33, na asubuhi unapotoka nyumbani gari iko huko huko 3,000.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawaliangalii: porti si mahali hewa inapobanwa zaidi. Inabanwa kwenye valvu. Valvu yako ya kuingizia ina kipenyo cha milimita 30.5. Ikifunguka milimita 3, hewa inapita kwenye pete iliyo kati ya valvu na siti, na eneo la pete hiyo ni mzingo wa valvu mara hizo milimita 3: kama 290 za mraba. Koo lililo nyuma yake lina zaidi ya 500. Pete hailingani na duara zima la valvu mpaka valvu ifunguke robo ya kipenyo chake, yaani milimita 7.6, na kamshafti, zile shafti zinazofungua valvu, za kiwandani za injini hii zinaishia humo humo kwenye 7 na nusu, nyingine chini yake. Kwa hiyo muda mwingi pete ndiyo geti. Kupanua porti nyuma ya geti hilo ni kuongeza njia za barabara huku mizani ya malori ni ile ile moja. Malori yatapanga foleni palepale.

Kumbuka pia kwamba valvu inafika kileleni mara moja tu kwa kila mzunguko wake, lakini milimita 2, 3, 4 na 5 inazipita mara mbili, ikipanda na ikishuka. Mtu akikuonyesha namba ya kileleni peke yake, muulize ya katikati.

Ndiyo maana ukinipa laki nne zako, shilingi ya kwanza itaenda kwenye siti. Na kabla ya siti, gaidi za valvu, ile mirija ambamo mashina ya valvu yanateleza, kwa sababu kisu cha kukatia siti kinajishikiza kwenye gaidi. Gaidi ikiwa imelika, siti itakatwa upande, na hakuna kusaga kwa pesti kutakakoiponya. Nyanyua valvu milimita kama kumi, weka dayal geji, ile saa ya kupimia, ubavuni mwa kichwa chake, itikise. Toyota wanataka nafasi ya milimita 0.025 hadi 0.060 kati ya shina na gaidi upande wa kuingizia, na kikomo ni 0.08. Upande wa eksozi kikomo ni 0.10. Ikizidi, badilisha gaidi kwanza.

Siti yenyewe ikatwe pembe tatu. Ya 45 ndiyo valvu inakokalia, upana wake uwe kati ya milimita 1.0 na 1.4. Juu yake, upande wa chemba ya kuchomea, digrii 30. Chini yake, upande wa porti, 60. Pembe hizi zinaipa hewa mteremko wa kugeukia badala ya kujigonga kwenye ukingo. Mafundi wetu wengi wanasaga valvu kwa pesti na fimbo ya mpira mpaka uone ukanda wa kijivu, wanamwagia petroli kwenye porti, haivuji, basi. Kuvuja haivuji kweli. Lakini ukanda ule ni mpana kama utepe wa kaseti na pembe ya juu na ya chini hazipo. Visu vya mkono vya kuzungusha, kama vile vya Neway, vinafanya kazi safi bila mashine kubwa, mradi mkono uwe mtulivu na usibonyeze. Ukimaliza, paka bluu ya fundi kwenye valvu, ikalishe, izungushe robo, itoe uangalie. Alama iwe duara kamili, nyembamba, katikati ya uso wa valvu.

Angalizo moja hapo: kila unapokata siti, valvu inazama na shina lake linapanda upande wa kamshafti. Nafasi ya tapeti, ule upenyo kati ya kamshafti na valvu, inapungua. 4A-GE inataka 0.15 hadi 0.25 kwa kuingizia na 0.20 hadi 0.30 kwa eksozi, injini ikiwa baridi, na nafasi hiyo inarekebishwa kwa shimu, vile visahani vya chuma vya unene tofauti. Siti ikikatwa sana utakosa shimu nyembamba ya kutosha, na hapo itabidi siti mpya ipigwe. Kwa hiyo kata kidogo.

Baada ya siti linakuja bakuli, ule mfuko ulio chini ya siti kabla porti haijaanza kupinda. Kiwandani, kisu cha mashine kimeishia mahali na kuacha ngazi dhidi ya alumini iliyomiminwa. Ipapase kwa kidole cha mwisho, utaihisi. Ngazi hiyo ilainishwe iungane na pembe ya 60, kama sentimita moja hivi kwenda chini, bila kugusa siti na bila kupanua koo. Hapo ndipo grainda ya mkono ina kazi. Kwenye mdomo wa porti sigusi, isipokuwa gasketi au manifoldi inachungulia ndani ya njia. Na ukilinganisha, hewa isikutane na ukuta uliosimama: mdomo wa hedi uwe mkubwa kidogo kuliko wa manifoldi ya kuingizia, na manifoldi ya eksozi iwe kubwa kidogo kuliko mdomo wa hedi.

Kung'arisha kama kioo ni kwa ajili ya macho ya mteja. Eksozi sawa, masizi yatachelewa kushika. Upande wa kuingizia maliza kwa msasa wa 80 uache. Petroli inayopulizwa na injekta, sehemu yake inashika ukutani, na ukuta wenye ukwaru kidogo unaisaidia kurudi hewani. Ukuta wa kioo unaiacha iteleze kama mto.

Nije kwenye kupima, maana hilo swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nikae niandike.

Benchi la hewa si mashine ya ajabu. Ni boksi linalovuta hewa kupitia hedi kwa mvuto unaojulikana, likapima ni kiasi gani kimepita. Hedi inakaa juu ya kipande cha bomba chenye kipenyo cha ndani sawa na bore yako, milimita 81. Usiache hilo, kwa sababu ukuta wa silinda unaibana valvu ubavuni na bila ukuta utapata namba za uongo. Springi za valvu zinatolewa, zinawekwa laini, na skrubu yenye dayal geji inaifungua valvu milimita moja moja. Ndani ya boksi kuna sahani yenye tundu la ukingo mkali. Hewa ikipita kwenye tundu hilo inaleta tofauti ya shinikizo, na tofauti hiyo ndiyo inakuambia kiasi.

Wengi duniani wanapima kwa mvuto wa inchi 28 za maji. Ni sentimita 71. Huhitaji geji ya bei: chukua mpira mwangavu wa maji, ukunje umbo la U ubaoni, tia maji yenye rangi kidogo, weka rula. Maji yakipishana sentimita 71 kati ya mkono mmoja na mwingine, uko kwenye kipimo. Mota mbili au tatu za mashine za kufyonzea vumbi zinavuta. Zikishindwa kufika 71 na porti nzima wazi, na mara nyingi zitashindwa, pima kwa inchi 10, yaani sentimita 25.4, kisha zidisha mara 1.67. Namba hiyo ni mzizi wa mraba wa 28 gawanya kwa 10. Ndiyo maana nikiona mtu anajigamba kwa CFM, zile futi za ujazo kwa dakika, namuuliza kwanza kapima kwa inchi ngapi. Hedi ile ile inaweza kusoma 100 huku na 167 kule, na wote wawili wako sahihi.

Mfano wa kuanzia: tundu la milimita 40 lenye ukingo mkali, kwa sentimita 71 za maji, linapitisha kama CFM 175 hapa pwani. Huko kwenu hewa ni nyepesi, kwa mvuto ule ule itakimbia zaidi. Usihangaike. Inakimbia zaidi kwenye hedi na kwenye tundu la kipimo vilevile, kwa hiyo uwiano unabaki. Benchi la namna hii linakuambia ukweli kwa kulinganisha kabla na baada. Kama namba yako ni 130 au 138 kwa viwango vya mtu mwingine, haikuhusu.

Kabla ya kipimo cha kwanza, funga valvu zote, washa, uandike uvujaji, kisha uutoe kwenye kila namba. Na mdomo wa porti uuzungushie plastisini, ule udongo wa rangi wa watoto wa chekechea, uufanye kama ukingo wa tarumbeta. Hewa haipendi kuingia kwenye kona ya mraba. Nimeona mtu akishangilia "uboreshaji" kumbe siku ya pili ndiyo alikumbuka plastisini.

Nikuonyeshe kitu kimoja. Hedi kama yako, silinda ya pili, upande wa kuingizia. Nafungua milimita moja, mbili, tatu, namba zinapanda kwa utaratibu. Nne, tano, sita. Nikifika sita na nusu sauti inabadilika. Ilikuwa mluzi mnyoofu, sasa inakatika kama mtu anayegugumia maji, na maji kwenye mpira yanaanza kucheza juu chini sentimita nzima. Namba haipandi tena. Kwa sikio tu unajua hewa imeachana na ukuta mahali. Nachukua waya mwembamba wenye tone la solda nchani, naupitisha kwenye mdomo wa porti mpaka kwenye kona fupi, pale sakafu inapopinda kushuka kwenye siti. Nikiugusisha hapo sauti inanyooka na maji yanatulia. Nikiuondoa, linarudi gugumio. Basi tatizo ni kona fupi, kali mno kwa kasi ile. Dawa yake ni kuilainisha mgongo, robo milimita kwa robo, ukipima kila mara. Dari ya porti haina habari. Kuta za pembeni hazina habari. Fundi mwenye grainda bila benchi angeshinda siku nzima kwenye dari, kwa sababu ndiko mkono unakofika kirahisi.

Na sakafu hiyo usiione nene. Nilipokuwa kijana, sina benchi, nina grainda na sifa, nilipanua porti za hedi ya mteja mpaka nikaona doa jeusi kwenye alumini, dogo kama kichwa cha kiberiti. Nikadhani ni uchafu. Nikaligusa tena kwa jiwe, na ile spea ya watu ikawa na dirisha kati ya porti na njia ya maji. Nililipa hedi nyingine kwa mshahara wa miezi mitatu. Kila grainda inapoingia kwenye sakafu ya porti, upande wa pili kuna maji.

Kitu kingine cha kupima pamoja na hewa ni ujazo wa porti. Funga valvu, lalisha hedi, jaza porti kwa bomba la sindano la mililita 50, hesabu. Fanya kabla na baada. Ujazo ukikua asilimia 10 na hewa ikakua 3, umepunguza kasi bila kupata kitu. Hewa ikikua 5 na ujazo karibu haukusogea, kazi hiyo ni nzuri, funga.

Sasa zile farasi 30. Kuna kanuni ya mkono inayotumika sana: CFM kwa inchi 28, mara 0.26, mara idadi ya silinda, unapata farasi ambazo injini isiyo na turbo inaweza kufikia kama kila kitu kingine kimekaa sawa. Ni dari, hakuna anayekuahidi utaigusa. Igeuze: farasi 30 gawanya kwa 0.26, gawanya kwa 4. Unahitaji karibu CFM 29 zaidi kwa kila silinda, pamoja na kamshafti inayoweza kuzitumia na kompyuta inayoweza kuzilisha petroli. Mwambie fundi wako akuonyeshe hizo 29. Mimi kwa siti, bakuli na kona fupi, kamshafti zikiwa za kiwandani, nisingemwahidi mtu zaidi ya farasi kumi, na ningefurahi zaidi kuona gari inaamka mapema kuliko kuona namba ya juu.

Kuhusu kuskimu milimita moja. Kwanza tujue kwa nini unaskimu. Gasketi imeungua, maana yake huenda injini ilichemka, na hedi ya alumini iliyochemka inapinda kama ndizi. Weka rula ya chuma, pitisha fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia upenyo, kwa pande zote, hata mshazari. Kikomo cha Toyota kwa uso unaokaa kwenye bloku ni 0.05. Ikizidi, usikimbilie mashine. Ukiskimu uso wa chini wa ndizi, chini kunakuwa bapa lakini mgongo, zinakokaa kamshafti, unabaki umepinda. Laza kamshafti kwenye vikalio vyake bila valvu, funga kepu kwa toki renchi, izungushe kwa vidole. Ikikwama, hedi inyooshwe kwanza kwa moto na mkandamizo kwa mtu anayeijua kazi hiyo, ndipo iskimiwe.

Ikiwa imenyooka, hesabu hii hapa. Silinda moja ni cc 397. Kwa kompresheni ya 9.4, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni cc 47 hivi. Kuskimu milimita nzima kunaondoa karibu cc 5, ukichukulia mdomo wa chemba ni mpana kama bore, na unafika 10.4. Nusu milimita inakupa 9.9. Namba 10.4 si dhambi kwako: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, injini yako inavuta hewa pungufu kwa asilimia 13 au zaidi kuliko ikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo haitagonga haraka, yaani petroli haitajiwakia kabla ya wakati wake, na kompresheni inakurudishia sehemu ya ulichonyimwa na mlima. Shida ni siku utakaposhuka Tanga kwa mbio, jua la saa nane, petroli ya kawaida. Hapo itagonga, na utatamani ungeishia nusu milimita.

Tena hujui hedi hiyo imeshaskimiwa mara ngapi kabla yako. Zilizokuja na injini za mtumba nyingi zimeshapita mashineni. Pima ujazo wa chemba kwa kipande cha kioo chenye tundu na bomba la sindano kabla ya kuamua. Na ukumbuke kwamba hedi ikishuka, kamshafti zinasogea karibu na krankishafti na belti inazichelewesha. Kwa milimita moja ni digrii moja na nusu hadi mbili za krankishafti kwa hesabu ya haraka. Farasi ulizozipata kwenye chemba zinapungua hapo, usipoweka puli za kurekebishika. Pia weka vipande vya plastisini juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua ukate plastisini kwa wembe upime. Mimi sishuki chini ya 1.5 kwa valvu za kuingizia na 2 kwa za eksozi.

Kwa pesa yako ningeenda hivi: hedi ioshwe na ipimwe nyufa kwa maji ya presha, gaidi zinazolegea zibadilishwe, siti pembe tatu, bakuli lilainishwe, uso uskimiwe kiasi cha kunyooka tu na kisizidi nusu milimita, gasketi mpya na bolti za hedi zikaguliwe urefu. Kikibaki kitu, tengeneza benchi. Mbao, mpira wa maji na mota za mtumba hazitakumaliza, na wenzako wa mbio watakuja kupima zao kwako, wakuletee soda angalau.

Shimu ulizotoa, usizimwage kwenye kopo moja. Toboa katoni matundu 16, andika silinda na upande, kila moja irudi kwenye tundu lake mpaka siku ya kupima nafasi. Na kabla hujampa mtu hedi, piga picha ya ile namba iliyochongwa ubavuni, umtumie nayo ujumbe wa kipimo cha rula, cha gaidi na cha ujazo wa chemba ya kwanza na ya nne. Nitumie na mimi. Kama chemba ya nne ina ujazo mdogo kuliko ya kwanza kwa zaidi ya cc moja, aliyeiskimu kabla yako aliiweka mashineni upande.